Bakuli Halirudi Tupu

Mchungaji wetu alipohamia Junda, huku Mombasa, kutoka bara, kosa lake la kwanza lilikuwa kuosha bakuli la watu.

Nacheka nikikumbuka. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, bibi mmoja wa Kimvita mwenye duka la leso, alimpelekea futari kama tunavyopelekeana sote huku, Muislamu na Mkristo. Viazi vitamu vya nazi, tambi, na kaimati juu. Mchungaji na mkewe wakala, wakafurahi. Wakalisugua bakuli likang'aa, na kesho yake mama mchungaji akalirudisha kwa mikono miwili na shukrani tele. Bibi akalipokea, akalitazama ndani, akaligeuza akalitazama chini, kisha akaja moja kwa moja kwangu akiwa amelikumbatia kifuani.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wageni wenu nimewakosea nini?"

"Kwani wamefanya nini, bibi?"

"Bakuli langu larudi uchi!"

Ikabidi niende. Mimi sijui kunong'ona, Mungu hakunipa kipaji hicho. Nikamwambia mchungaji palepale mlangoni, viatu sijavua: hapa bakuli halirudi tupu. Huna kitu? Tia ndimu mbili. Huna ndimu? Tia chumvi, tia sukari kidogo, tia hata asumini za uani. Lakini usimrudishie mtu chombo chake kitupu, maana ni kumwambia yamekwisha baina yetu, usilete tena. Maskini wa Mungu, aliona haya mpaka masikio. Kwao, akasema, kumwoshea mtu chombo chake kikatakata ndiyo heshima yenyewe. Nikamwambia vizuri sana, osha, halafu tia kitu. Jioni ile ile bibi alipelekewa parachichi zilizotoka kwao bara, na tangu hapo lile bakuli likawa halina kwao. Leo liko huku, kesho liko kule.

Nimeanza na bakuli kwa sababu yote yaliyofuata yalikuwa mambo ya vyombo.

Kanisa letu ni la mabati. Liko ndani ndani Junda, unaiacha barabara ya Malindi, unashuka mpaka lami iishe, na ukisikia mashine ya kusaga umefika. Joto lake wakati wa kaskazi usiombe. Mbele kuna mimbari ya mbao, nyuma kuna pazia tulilolishona wenyewe kwa leso kuukuu, na nyuma ya pazia ndipo jikoni. Hapo ndipo pangu. Wengine huitwa waimbaji, wengine waombaji, mimi ni mtu wa jikoni, na sijaona bado ibada iliyonoga watu wakiwa na njaa.

Mwaka ule maradhi yalipofunga hoteli za ufuoni, nusu ya wanaume wa kanisa letu walirudi nyumbani na sare zao zimekunjwa mkobani. Wapishi, wafagiaji, walinzi, wa kutandika vitanda. Ukipita vichochoroni saa sita mchana ulikuwa husikii harufu ya kitunguu. Hapo ndipo sisi kina mama tulipoanza ule mtindo wetu, na wala hatukuuitishia kikao. Kila Jumapili kila mtu huja na chombo, kimefunikwa na kufungwa kwa leso. Kila mtu, nasema. Mwenye wali na samaki huja na chombo, na ambaye kwake jiko halijawashwa tangu juzi huja na chombo. Anakipitisha mwenyewe nyuma ya pazia, anakiweka chini, anatoka kwenda kuketi. Sisi tunafungua, tunachanganya vilivyopo, tunapakua. Baada ya ibada watu wanakula pamoja mikekani, na wakati wa kwenda kila mmoja hupita tena nyuma ya pazia akachukua chombo chake, kimefunikwa vilevile, kimefungwa vilevile, na kizito. Aliyesimama nje akawatazama watu wakitoka hawezi kujua nani alileta na nani alipewa.

Nyuma ya pazia tulikuwa watatu, mimi na wenzangu wawili. Sisi tulijua. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na waosha ndio sisi. Mdomo wangu huu unajulikana Kisauni nzima, siukani, lakini jambo la nyuma ya pazia halijautoka hata siku moja. Mume wangu ameuliza mara nyingi. Huwa namwambia ale, anyamaze.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja. Ujana wake wote aliumalizia bandarini akibeba mizigo, akikaa Changamwe, na alipohamia Junda mgongo ulikuwa umeshaanza kumsumbua, lakini mikono ilikuwa bado ina nguvu. Sakafu ya kanisa letu ni yeye aliyeichanganya saruji, akaisawazisha kwa ubao akiwa amepiga magoti, na mabati ya kwanza ya paa yalitoka mfukoni mwake. Mtu wa kutoa, si mtu wa kupokea. Kisha mkewe akapigwa na kiharusi, upande mmoja wote ukafa na maneno yakapotea, na mzee akaacha vibarua akawa ndiye mwenye kumlisha, kumwogesha na kumgeuza. Watoto walikuwa wawili, wako mbali, na mambo yao si mazuri. Akiba ikaenda, kuku wakaenda, redio ikaenda.

Lakini Jumapili mzee alikuja na sufuria yake. Kanzu imepigwa pasi, sufuria imefungwa kwa leso ya mkewe, anatembea polepole, anaamkiwa shikamoo huku na huku, anaitikia marahaba. Anapita nyuma ya pazia, anaitua chini kwa kishindo kidogo. Mara ya kwanza nilipoifungua nilikuta jiwe. Jiwe la matumbawe, lile jeupe la kawaida linaloonekana kila ukichimba huku kwetu, limezungushiwa kitambaa lisigonge. Alilitia ili sufuria iwe na uzito mkononi, asije mtu akamwona ameibeba kama kitu chepesi.

Niliwatazama wenzangu, wakanitazama. Tulilitoa lile jiwe tukalitumia kukazia mafiga, tukaijaza sufuria, tukaifunga. Jumapili iliyofuata likaja jingine. Ikawa hivyo, mpaka mafiga yetu yakakaa imara kuliko mafiga yoyote Kisauni.

Mchungaji hakuyajua haya, na tulikuwa hatuna sababu ya kumwambia. Sasa msije mkadhani ninamsema vibaya. Ni mchungaji wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akifagia choo cha kanisa. Maji yakikosekana ni yeye wa kwanza kusukuma mkokoteni wa madebe. Akija kwako hakai kwenye kiti mpaka aone wengine wote wamepata. Mimi wachungaji nimewaona, wengine wanabebewa hata kitabu kutoka garini, huyu alikuwa akibeba viti vya plastiki kichwani. Nilimpenda, na bado nampenda.

Jumapili moja alihubiri habari za wale Wakristo wa kwanza kabisa. Akatueleza walivyokuwa wakila pamoja nyumba kwa nyumba, mwenye navyo akileta asiulizwe, asiye navyo akipata asisimangwe. Akaeleza manung'uniko yalivyozuka, wajane wa upande mmoja wakiona wanarukwa wakati wa kugawa chakula, na jinsi walivyochaguliwa watu wenye sifa njema kazi yao iwe ni hiyo tu, kuhudumia meza. "Kazi ya meza haikuwa ya kudharauliwa," akasema, jasho linamtoka. "Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa kiunoni akainama kwenye miguu ya watu. Sasa mimi nimekaa hapa mbele kama nani? Jumapili ijayo nami nitahudumu."

Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, tena kwa sauti.

Jumapili ikafika. Tuko nyuma ya pazia tunachochea kuni, tukasikia vicheko mlangoni. Nikachungulia. Lo! Mchungaji amejifunga leso ya mkewe kiunoni, nyekundu, ina maandishi ya mapenzi, na amesimama mlangoni akipokea vyombo vya watu. "Lete mama, nikubebee. Lete baba, leo mimi ndiye mtumishi wenu." Watu wanacheka, wanapenda, wanampa. Anakimbia navyo mpaka kwenye pazia, anarudi mbio. Nikajiambia, huyu mtu ana moyo.

Ndipo mzee akatokea mlangoni.

Kwetu chombo cha mtu hakipokonywi mkononi. Mzee aliishika sufuria yake kwa nguvu, akasema, "Wacha, mwanangu, nitaifikisha mwenyewe." Mchungaji akadhani ni adabu, kama watu wa bara wanavyokataa mara ya kwanza ili wabembelezwe. Akaishika upande wa pili. "Hapana, baba, wewe umetubebea miaka mingi." Akavuta. Fundo la ile leso kuukuu lilikuwa limelegea. Likafunguka, mfuniko ukaruka ukalia kwenye sakafu, na jiwe likatoka kwenye kitambaa chake likabingirika katikati ya mikeka, juu ya ile saruji aliyoimwaga mzee mwenyewe, mpaka likagonga mguu wa mimbari.

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Kila mtu alikuwa anaitazama sufuria, na kila mtu aliona kuwa haina kitu.

Mchungaji alisimama pale na leso yake kiunoni, mkono mmoja bado uko hewani. Mzee alikwenda akaliokota jiwe. Kuinama kulimchukua muda kwa sababu ya mgongo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akalitia ndani ya sufuria, akaufuata mfuniko, akafunika, akafunga leso. Akasema, "Niwieni radhi." Akatoka.

Nililia. Nasema wazi, nililia nyuma ya pazia, nikasingizia moshi.

Wiki ile sote tulikwenda kwake. Mimi nilipeleka mbaazi na mikate ya kumimina. Akanipokea vizuri, akaniuliza hali ya mume, hali ya wajukuu, na kuhusu chakula akasema, "Tumeshakula, mwanangu. Mungu ni mwema." Sufuria ukiitazama iko kifudifudi uani, kavu. Bibi wa duka la leso alisikia, akatuma pilau ya hitima. Ikarudi na salamu njema. Wazee wa kanisa wakaenda na kapu, wakaambiwa tumeshakula. Mchungaji akaliacha kapu jingine mlangoni alfajiri, na asubuhi tukalikuta limewekwa mlangoni pa kanisa, unga na sukari na sabuni vimepangwa vilevile.

Mchungaji alikwenda kuomba msamaha. Alipiga magoti kwenye vumbi la mlangoni, watu wakiona. Mzee akamwinua. "Yamekwisha, mwanangu. Hukukusudia." Na kweli hakumchukia, ungeona usoni. Lakini Jumapili hakuja, na kapu hakupokea. Kusamehe alisamehe. Kula cha watu waliomwona ndiko kulikomshinda.

Jambo moja hakuweza kunikatalia, nalo ni kuja kumsaidia kumwogesha mgonjwa, kwa maana kumgeuza peke yake alikuwa hawezi tena. Basi nilikuwa nikienda. Na nilipompaka yule mama mafuta mgongoni, vidole vyangu viliupita uti wake pingili kwa pingili. Alikuwa anakwisha. Siku moja mzee ametoka kuchota maji, nikachomoa kikopo cha uji nilichokificha chini ya leso yangu, nikaupoza, nikampelekea kijiko mdomoni. Yule mama upande mmoja wa uso ulikuwa umelala, lakini macho yalikuwa hai. Akakitazama kijiko. Akafumba kinywa. Akageuza macho mlangoni alikopitia mumewe, akayaweka huko, hakuyarudisha kwangu. Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Hakufungua.

Nilitoka pale nikaenda kwa mchungaji na hasira zangu zote.

"Yule mama atakufa," nikamwambia. "Atakufa njaa, hapa Junda, katikati ya sufuria zetu, na aliyeanzisha ni wewe. Hebu niambie, ulitaka kuhudumu au ulitaka uonekane ukihudumu?"

Mkewe alikuwa mezani anatia ndizi kwenye lile bakuli la bibi ili alirudishe. Aliacha mkono palepale. Mchungaji hakujitetea. Alikaa chini akasema, "Vyote viwili, nadhani, mama." Hapo nikaishiwa nguvu kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Nikamwambia lililokuwa likinisumbua tangu siku ya mahubiri yake. Wale wajane wa kanisa la kwanza, tunaambiwa walirukwa, tunaambiwa watu walichaguliwa wakawahudumia. Mbona hatuambiwi walikuja na uso gani? Mjane aliyezoea kupika akalisha watu, siku anayonyoosha bakuli lake mbele ya wenzake, anaangalia wapi? Mwenye kugawa anafikiri kazi ni kugawa kwa haki. Kugawa kwa haki si kazi. Mimi nikipewa mwiko nagawa kwa haki nikiwa nimesinzia. Kazi ni yule mtu arudi nyumbani kwake akiwa bado ni mtu.

"Mmoja wa wazee wa kanisa," akasema mchungaji, "ameniambia mficha uchi hazai. Kwamba mzee akikubali kusema hana, tutamchangia."

"Mwambie yeye aanze kuvua."

Alicheka, bila kutaka. Kisha macho yake yakabaki kwenye lile bakuli mezani. Nilidhani anaomba. Nikaaga nikaondoka.

Kesho yake mchana akaja kwangu. "Mama, nisindikize kwa mzee."

"Tumpelekee nini?"

"Hakuna. Nimebeba njaa tu. Tangu asubuhi sijala."

Nilidhani amechanganyikiwa, lakini nikajitanda leso nikamfuata. Tukabisha hodi. Mzee akatoka, mchungaji akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, tukakaribishwa mkekani. Yule mama amelala kwenye kitanda chake cha kamba karibu na dirisha, anatutazama. Salamu zikaisha. Mchungaji akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika:

"Baba, mimi leo nina njaa. Nimekuja kula kwako."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimfinya paja. Hakusogea. Nyumba haina hata punje, mgonjwa mbavu nje, na huyu mtu mzima na akili zake anaomba chakula!

Mzee alisimama pale mlangoni. Lakini karibu alikuwa ameshaitamka, na mtu wa Pwani akishasema karibu hawezi kuirudisha mdomoni. Akamtazama mchungaji, kisha akasema, "Ngoja kidogo." Akachukua jembe nyuma ya mlango akatoka uani. Tukasikia anachimba. Palikuwa na mashina machache ya muhogo kule nyuma, membamba, aliyokuwa akiyahesabia siku za mbele. Nikainuka niende kumsaidia.

"Kaa, mwanangu," akasema kutoka nje. "Mgeni ni wangu."

Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu ile Jumapili.

Akaumenya mwenyewe, akauchemsha kwa chumvi, akakamua ndimu, akaponda pilipili. Akaja na jagi na beseni, akasimama mbele ya mchungaji. Mchungaji akanyoosha mikono yake miwili, mzee akamnawisha, maji yakitiririka polepole. Yule aliyetuhubiria habari za kuinama na kuosha watu, sasa ndiye anayenawishwa, na nilimwona hana raha hata kidogo. Alinyoosha tu mikono na kutulia, macho chini.

Na mwenyeji hamwachi mgeni ale peke yake. Hiyo nayo ni adabu ya zamani, iko kwetu sote. Kwa hivyo mzee akaketi akala. Kipande kwanza, kisha cha pili. Kisha akachagua kipande kilichoiva zaidi, akakiponda kwa vidole akakilainisha kwa maji ya muhogo, akaenda kitandani. Yule mama akaangalia sahani, akatuangalia sisi tunavyokula, akamwangalia mumewe. Akafungua kinywa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote nikidhani ni maneno ya kumkaribisha mtu chai.

Mimi nilikuwa sijui niweke wapi uso wangu, natafuna muhogo na machozi yananishuka, nikasingizia pilipili. Mchungaji akala mpaka akaridhika, halafu, mimi nikidhani sasa tunaaga, akasema, "Na watoto wangu, baba? Niwapelekee nini?"

Safari hii nilimfinya mpaka akaguna. Mzee alimtazama. Kisha akacheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika. "Wewe mtoto," akasema, "huna haya!" Akainuka, akaichukua ile sufuria, ile ile, akatia vipande vilivyobaki, akafunika, akaifunga kwa leso ya mkewe kwa fundo la kukaza. Akampa mchungaji kwa mikono miwili.

Tulipofika njiani nilimlipukia. "Umekula cha mgonjwa! Umekula na kingine umebeba! Wewe ni mchungaji wa kondoo au ni fisi?"

Alikuwa anatembea taratibu, sufuria ameishika mbele ya tumbo, watu wanamwamkia na kumuuliza umebeba nini, naye anajibu, muhogo wa mzee. Akanigeukia. "Mama, ni nani aliyekuja mlangoni kwangu na viatu vyake, akanifokea kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu?"

Nikasimama katikati ya njia. Bodaboda ikanipigia honi, sikusogea.

Kesho yake tukarudi, mchungaji akiwa na sufuria imefungwa leso ile ile. Humo ndani mkewe alikuwa ametia wali wa nazi, mchuzi wa samaki, na pembeni, kwenye kifuko, maharagwe mabichi ya kupika baadaye, imejaa hadi mfuniko unainuka. Mzee akatoka. Akaiona. Uso wake ukaanza kujifunga kama siku zote. Mchungaji akasema, "Shikamoo, baba. Nimerudisha sufuria yako." Hakusema Bwana amekubariki, hakusema usione haya, hakusema neno la ziada.

Mzee akasimama. Angefanyaje? Kapu la msaada unaweza kulikataa ukabaki na heshima yako. Lakini chombo chako mwenyewe, ulichomtilia mtu chakula mwenyewe, kikikurudia ukikikataa, wewe ndiye umekata ujirani. Akaipokea. Uzito ulimshtua kidogo, akaikumbatia. "Wasalimie watoto," akasema.

Siku chache baadaye sufuria ikaenda tena kwa mchungaji, ina matembele na ndimu za mti wa uani. Ikarudi na unga na dagaa. Bibi wa duka la leso alipopata habari alisema hawezi kuachwa nyuma, akatuma bakuli lake kwa mzee akiomba majani ya mchaichai, kwamba ya dukani hayana harufu. Likarudi na mchaichai, likaenda tena na ngano. Nikaanza na mimi kumwomba matembele, ingawa yangu yamejaa ukutani. Sote tukawa waombaji wa mzee. Alikuwa akitulalamikia kwamba tunammalizia bustani, na nilikuwa nikimjibu aongeze matuta. Akaongeza. Na yule mama nilipomwogesha, kidogo kidogo mikono yangu ikaanza kukuta nyama.

Maneno hayakumrudia. Lakini siku moja nilimletea uji waziwazi, kwenye bakuli lao, kulirudisha. Akafungua kinywa kabla kijiko hakijafika.

Mchungaji hakujifunga leso tena. Bado anafagia choo, bado anabeba viti, lakini chombo cha mtu hakigusi. Jumapili husimama penye pazia, mtu akija na chombo chake yeye hulivuta pazia pembeni apite, na hutazama chini mpaka apite. Kazi yake imekuwa hiyo. Nilimtania kwamba amesomea miaka yote ile aje kuwa bawabu wa leso kuukuu. Akasema ndicho cheo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupewa.

Mzee alirudi kanisani siku moja ya mvua. Sisi jikoni tulijua amefika kwa jinsi watu walivyoacha kuongea, kisha wakakumbuka wakaanza tena, kwa sauti kubwa mno. Shikamoo zikasikika huku na huku, na marahaba zake, moja moja, zinakaribia. Pazia likavutwa. Niliona mkono wa mchungaji umelishika, na kichwa chake kimeinama. Mzee akapita, kanzu imepigwa pasi, sufuria iko mikononi, imefungwa kwa leso ya mkewe. Akaitua chini mbele yangu, akaniangalia machoni, akatoka kwenda kuketi.

Pazia likarudi. Nikafungua fundo, nikainua mfuniko.

Mtaniuliza alikuwa ameleta nini. Lile jiwe nimewaambia kwa kuwa kanisa zima lililiona. Hili niliona mimi na wenzangu wawili, na mume wangu akiuliza humwambia ale, anyamaze.